Kazi ya Kutogusa

Miaka tisa Tusekile alikuwa fundi wa punje kwenye zahanati moja ya milimani, juu ya Tukuyu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia mtu akisema hapana.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Kila baada ya miaka mitatu punje huishiwa nguvu, na kabla fundi hajaiongeza ni lazima amuulize mwenyewe kwa sauti: "Unataka kuendelea?" Watu walikaa kwenye kiti, wakalaza shingo upande wa kushoto ili sikio la kulia libaki wazi, wakasema, "Sawa tu, mama," wakabonyeza kidole gumba kwenye fomu ya kukubali. Jumanne ile alimwongezea bibi mmoja ambaye nyumba yake ilifukiwa na maporomoko ya udongo juma lililopita. Bibi alikuwa anatabasamu.

"Nimehamia jikoni kwa jirani," alisema. "Pana moto, pana paa. Sawa tu."

Akatoka nje mvuani bila mwavuli, na hakuharakisha hatua.

Zamani Tusekile aliona fahari kwa kazi hii, na tusimlaumu. Kabla ya punje watu walikuwa wanakufa kwa kutamani. Kidude chenyewe ni kidogo, hakizidi punje ya mchele, na ndiyo maana watu wakakipa jina hilo. Kinakaa chini ya ngozi nyuma ya sikio, kinasikiliza mishipa, na kila moyo unaponyoosha mkono kufikia kitu kisichokuwepo, chenyewe kinaushusha ule mkono taratibu. Hakifuti kumbukumbu. Mtu anamkumbuka marehemu wake jina, sura na chakula alichopenda. Ila hamtaki tena.

Kulikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Mafundi wote waliongeza punje siku nne kabla haijaisha, ili mtu asionje hata saa moja ya kuwa bila. Ni huruma, walisema. Jamani, huruma! Mtu anaulizwa kama ameshiba na tonge bado liko mdomoni, ajibu nini?

Tusekile mwenyewe hakuwa na punje. Mganga hajigangi, alipenda kusema, na wenzake walicheka. Ukweli ni kwamba aliogopa.

Jioni aliporudi nyumbani alikuta taa ya kisanduku cha ujumbe inawaka. Mumewe, Gwamaka, alikuwa barazani anapiga randa mguu wa kigoda, maranda yamemjaa miguuni.

"Kuna ujumbe wa Subi," alisema bila kuinua kichwa. "Umeingia saa nane."

"Na hujausikiliza?"

"Nilikuwa nakungoja. Hakuna haraka."

Tusekile akabonyeza hata kabla hajavua koti. Sauti ya Subilaga, binti yao wa pekee, ikatoka, nyembamba kidogo, kama ilivyokuwa daima ikitoka sayari ya Mirihi.

"Mama, Baba, shikamooni. Miche ya chai imeshika! Minane kati ya kumi na miwili. Nimeipa majina yote, msinicheke. Sasa sikilizeni, nina jambo. Chombo cha kurudi huko kinaondoka mwezi ujao. Madaktari wamenipima mifupa, wanasema imefika ukingoni. Huku mwili ni mwepesi, mifupa inajisahau. Nikikosa chombo hiki, uzito wa nyumbani utanivunja. Kwa hiyo ni sasa au basi kabisa."

Kwa nyuma palisikika maji yakidondoka.

"Niwaambie kweli, hapa nimetulia. Nina sahani moja, blanketi moja, maji ya kupimiwa. Asubuhi naangalia miche, jioni naangalia miche. Sina punje, na sijaona kilichopungua ila nyinyi. Mama, najua wewe utasema njoo, usinikasirikie. Namuuliza Baba. Baba, unanihitaji? Ukisema rudi, nitarudi, na hutanisikia nikinung'unika hata siku moja. Nijibuni kabla ya Jumamosi saa kumi na mbili jioni, saa za huko."

Ujumbe ukaisha. Gwamaka alipuliza vumbi kwenye mguu wa kigoda, akaulaza kwenye mwanga kuona kama umenyooka.

"Amesema vizuri," alisema. "Mwambie sawa tu."

"Sawa tu nini, Baba Subi? Arudi ama abaki?"

"Akirudi sawa. Akibaki sawa."

Tusekile aliingia ndani akakaa kitandani na koti lake lililolowa. Alilia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kujikasirikia.

Maana kulikuwa na siri. Subilaga alipoondoka, Gwamaka alikaa barazani siku arobaini amepakata mabuti ya mvua ya binti yake, yale ya kuchumia chai. Hakulia kwa sauti. Aliyapapasa tu, leo buti hili, kesho lile. Mwishowe akasema mwenyewe, "Niwekee punje, nimechoka." Tusekile akamwekea kwa mkono wake, kitu ambacho fundi amekatazwa kwa jamaa yake. Ngazi ya kawaida ni ya tatu au ya nne, inakata makali tu. Yeye aliweka ya saba. Ngazi ya saba hupewa wale wanaosubiri kufa. Aliiweka kwa sababu alikuwa hawezi tena kusikia yale mabuti yakipapaswa.

Akafungua daftari la kazi kutafuta tarehe. Punje ya Gwamaka ilikuwa inakwisha Jumamosi hiyohiyo, saa nne asubuhi. Kwa desturi alipaswa kuwa ameiongeza siku ileile, Jumanne.

* * *

"Acha! Toa mkono!"

Yulani alimpiga Tusekile kofi la mkononi kabla hajaligusa jani. Walikuwa kwenye banda la chai, Alhamisi asubuhi, na vyano vya mianzi vimepangwa mpaka ukutani, kila kimoja kimetandazwa majani mabichi yanayonyauka.

"Nilitaka kuyageuza tu. Yamelaliana."

"Yalaliane. Ukiyagusa sasa yanachubuka, yanakuwa machungu, halafu unakuja kuniambia chai yangu kali. Wewe mwanamke una mikono ya kuwashwa."

Yulani alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Babu wa babu yake alitoka Uchina kuja kujenga reli, reli ikaisha, yeye akaoa Mnyakyusa akabaki. Aliacha vitu viwili: kichwa cha nywele zisizosukika, na namna ya kuishi ambayo wazee wa ukoo waliiita Dao, yaani Njia. Yulani hakuihubiri. Ukimwuliza atakwambia ni kunyausha majani: unayatandaza, unafungua dirisha, halafu unafanya kazi ngumu kuliko zote, ya kutogusa. Subilaga alikulia kwenye banda hili. Hapa ndipo alipojifunza kukaa na kitu kidogo akaridhika.

Tusekile akamweleza yote, mpaka ile ngazi ya saba, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Yulani aliguna tu.

"Sasa nimefikiri hivi," Tusekile alisema. "Kuizima ni kosa, tena la jela. Lakini nikikaa kimya? Naiacha ijiishie yenyewe Jumamosi. Simwambii, siigusi. Gwamaka anaamka, anamtaka mwanawe, anasema rudi. Mimi sijafanya kitu. Si ndiyo hiyo Njia yenu, kutofanya?"

Yulani alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mwenzangu, usinichafulie ukoo! Anayeacha majani yanyauke hafanyi kitu, sawa. Lakini anayenyamaza ili mwenziwe atumbukie shimoni? Huyo anafanya kazi kubwa, tena ya jasho." Kicheko kikamwishia. "Hebu niambie. Unamtaka Gwamaka, ama unataka kinywa cha Gwamaka kiseme rudi?"

Tusekile aliinamia majani. Moyo ulimuuma kweli, maana alikuwa ameulizwa swali lenyewe.

"Namtaka mwanangu," alisema hatimaye. "Yulani, hajaolewa, hana mtoto, mimi nazeeka. Nataka kumwona anaingia mlangoni. Basi. Ni dhambi?"

"Si dhambi. Mimi mume wangu Ambakisye amekufa mwaka wa kumi na mbili huu, na kila nikimimina chai namtaka. Namtaka, nakunywa, naosha kikombe. Wenzangu wananiuliza kwa nini sijaweka punje. Niweke ya nini? Huko kumtaka ndiko kulikobaki kwake." Akamsukuma kidogo begani. "Nenda ukamwambie mumeo. Yote. Kisha ndiyo ukae bila kugusa."

* * *

Alimwambia Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, wakila ndizi na maharage.

"Baba Subi, nilikukosea. Punje yako niliipandisha mpaka saba. Haikuwa haki. Nilifanya kwa ajili yangu, si yako."

"Sawa tu," Gwamaka alisema, akamega ndizi.

"Usiniambie sawa tu!"

Akamtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni aliyepandisha sauti. Tusekile akaanza upya.

"Kesho saa nne inaisha. Nataka iishe kwanza, ndipo nikuulize kama utaendelea, ukiwa hunayo. Ukitaka niongeze, nitaongeza hapohapo, kwa ngazi unayoitaka wewe. Unakubali?"

"Sawa tu."

Alijua ile sawa haikuwa na uzito hata wa nyoya. Lakini angalau alikuwa amesema, na hakuna alichobakiza. Wakala. Kisha Gwamaka akauliza, kwa sauti ileile ambayo angeombea chumvi:

"Itauma?"

"Itauma."

"Basi uwe karibu."

* * *

Jumamosi mvua ilipumzika. Tusekile alileta mashine ya kuongezea, akaiweka mezani barazani, mahali Gwamaka angeweza kuifikia mwenyewe. Kisha akakaa kwenye ngazi, mikono mapajani.

Saa nne ilifika ikapita. Randa ilikwenda ikarudi. Saa nne na robo bado inakwenda. Tusekile akaanza kuwaza labda punje haikuwa na lolote tangu mwanzo, labda mumewe alizeeka tu. Saa nne na nusu randa ikasimama katikati ya ubao.

Gwamaka alikuwa anatazama chini ya benchi. Mabuti ya mvua yalikuwa pale, yamejaa maranda ya miaka mitatu.

"Nani ameyaacha haya yakajaa uchafu?" aliuliza.

Akayavuta, akamwaga maranda, akaingiza mkono ndani ya buti la kulia mpaka penye vidole.

"Anavaa namba tano," alisema. "Mguu wa kulia unambana. Nilisema nitamnunulia mengine."

Ndipo kilio kilipomjia. Loo! Tusekile alikuwa ameona misiba mingi, lakini hakuwahi kuona mtu akifiwa na siku elfu moja kwa mkupuo. Gwamaka alikaa chini palepale kwenye maranda, na sauti iliyomtoka haikuwa na maneno. Mashine ilikuwa hatua mbili tu. Kubonyeza mara moja, na yote yangenyamaza. Mkono wa Tusekile ulikwishanyanyuka. Akahisi lile kofi la Yulani, akaurudisha. Aliteremka akakaa karibu yake chini, bila kumgusa, bega lake likiwa karibu na bega lake.

Baadaye ikaja hasira.

"Ya saba, Tusekile."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Subilaga azaliwe.

"Ya saba."

"Ulinizika huku natembea. Mtoto ananiita Baba, Baba, na mimi namwambia sawa tu. Miaka mitatu! Angeniona mtu gani?"

"Nisamehe."

"Sijui kama nitaweza. Niache kwanza."

Akamwacha. Hakujitetea, na hilo lilimgharimu, kwa sababu maneno ya kujitetea alikuwa nayo tele. Gwamaka akaomba ujumbe wote wa Subilaga, tangu siku ya kwanza. Zilikuwa jumbe kumi na saba. Akazisikiliza moja baada ya nyingine, mabuti mapajani. Alicheka pale Subilaga aliposimulia alivyojipiga kichwa darini kwa kusahau wepesi wake. Kwenye ule wa siku yake ya kuzaliwa, ambao Gwamaka alikuwa ameujibu kwa maneno mawili, aliinama akakaa hivyo muda mrefu. Ujumbe wa mwisho aliurudia mara tatu.

Ilikuwa saa kumi na nusu alasiri Tusekile aliposimama mbele yake, akanyoosha gauni, akauliza kama sheria inavyotaka.

"Gwamaka. Unataka kuendelea?"

Aliitazama mashine. Macho yalikuwa mekundu, kamasi imemkaukia kwenye ndevu. Tusekile alijua kwamba akisema ndiyo ataongeza, na hatamlaumu.

"Hapana," Gwamaka alisema.

Miaka tisa. Hiyo ndiyo ilikuwa hapana ya kwanza.

"Washa kisanduku," alisema. "Nizungumze na mwanangu."

Tusekile aliwasha, na moyo ulimdunda kwa furaha ya aibu. Atasema rudi. Mtu aliyelia vile atasema nini kingine? Alikwishaanza kufikiria shuka za chumba cha Subilaga.

Gwamaka akakohoa.

"Subi. Marahaba, mwanangu. Marahaba zote za miaka mitatu, pokea. Umeniuliza kama nakuhitaji. Nakuhitaji. Leo nimeshindwa hata kushika randa kwa sababu yako. Nina mabuti yako hapa. Nakuhitaji kama sijui nini." Sauti ikakatika, akangoja irudi. "Sasa nisikilize. Kaa. Umesema umetulia, nami nimeisikia sauti yako tangu mwanzo mpaka leo, najua si uongo. Ukirudi kwa ajili ya kunifuta machozi, nitakuwa nimekufanya punje yangu. Kaa na miche yako. Usidhani nasema sawa tu. Si sawa hata kidogo. Nitakutaka kesho, nitakutaka siku ya kufa kwangu, na nitanyanyuka asubuhi nifanye kazi. Hilo niachie mimi. Nimemaliza."

Akanyanyuka kwa shida, akashika ukuta. "Tuma, Mama Subi. Naenda kunawa uso."

Tusekile akabaki peke yake na kisanduku. Saa kumi na moja kasoro kumi. Ujumbe ulisimama kwenye kioo kama mstari, na alijua mstari ule vizuri, kwa kuwa ni fundi. Pale katikati, baada ya maneno nakuhitaji kama sijui nini, palikuwa na kile kimya cha Gwamaka akingoja sauti irudi. Pakikatwa pale, hakuna atakayejua. Subilaga angesikia baba analia anasema nakuhitaji, na mwezi ujao angepanda chombo. Asingenung'unika, alikwishaahidi. Angeingia mlangoni.

Angeingia mlangoni, jamani.

Kule nyuma maji yalimwagika kwenye karai. Kidole cha Tusekile kilikuwa juu ya kioo, juu kabisa ya ule upenyo. Alikitazama kidole kile kama cha mtu mwingine. Ndicho kidole kilichopandisha mpaka saba. Siku ile pia alikuwa na sababu nzuri.

Akakiondoa. Hakukata kitu. Ila aliongeza ya kwake mwishoni, kwa kuwa naye ni mtu:

"Subi, ni Mama. Mimi nasema njoo, kama ulivyobashiri. Nitasema njoo mpaka nikome. Lakini msikilize baba yako."

Akatuma.

Siku hizo Mirihi ilikuwa mbali kwa dakika kumi na moja za ujumbe kwenda, na nyingine kumi na moja za kurudi. Gwamaka alitoka, uso umelowa, akakaa ngazini. Hakumkaribia mkewe sana, lakini hakukaa mbali pia. Alichukua kitambaa akaanza kufuta mabuti. Jua lilichungulia kidogo kwenye mashamba ya chai, na sauti za wachumaji zilisikika zikiitana kurudi.

Dakika ya ishirini na tano taa ikawaka. Tusekile akabonyeza.

Mwanzoni palikuwa na kilio tu. Kisha kicheko ndani ya kilio, na maji yale yakidondoka kwa nyuma, na sauti ya Subilaga.

"Baba," ilisema. "Baba, umerudi."

Gwamaka aliyapanga mabuti kando ya mlango, visigino vikiegemea ukuta, kama mtu anavyoyavua akiingia. Tusekile akaenda kubandika maji ya chai.